Mzinga Mtupu, Asali Yenye Povu: Kabla ya Kulaumu Nyuki, Uliza Huu ni Mwezi Gani

Agosti haiishi bila mtu kunijia akisema nyuki wake wamerogwa. Mwaka jana alikuwa kijana mmoja wa huku kwetu Sikonge, mwenye mizinga 18, kati yake 11 mitupu. Alikwisha kumshuku jirani. Nikamwuliza mambo mawili tu: ulirina lini mara ya mwisho, na ulibakiza nini? Alirina Juni. Hakubakiza kitu, hadi sega la mwisho liliingia kwenye ndoo. Basi mchawi tukawa tumempata.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki, na malalamiko yanayonifikia yana tabia moja. Tatizo huonekana mwezi huu, lakini chanzo chake kiliwekwa mwezi mwingine, mara nyingi na huyohuyo anayelalamika. Kwa hiyo hapa sianzi na wadudu wala dawa. Naanza na kalenda.

Mkoa wa Tabora tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Mti wa mtundu huchanua kabla mvua hazijashuka, Septemba na Oktoba, wakati msitu unavaa majani mapya mekundu. Mti wa muba hufuata baadaye, kuanzia Februari hivi hadi mvua zinapoaga. Ndiyo maana tunarina mara mbili: mavuno madogo Novemba na Desemba, makubwa Mei hadi Julai. Katikati kuna njaa mbili. Moja ni ya kipupwe, Julai na Agosti, ambapo ua ni la kutafuta. Nyingine watu huisahau: ni zile siku za mvua mfululizo, Januari hivi, nyuki wamejaa mzingani na hawawezi kuruka. Aliye Kitui, Kenya, penye mvua mbili kwa mwaka, abadilishe miezi. Maswali ni yaleyale.

## Nyuki wameondoka

Fungua mzinga mtupu taratibu na usiufagie kwanza. Kilichobaki ndani ndicho shahidi wako.

Ukikuta masega makavu na safi, hakuna asali wala majana (watoto wa nyuki), hao walihama kwa mpango. Nyuki wetu si kama wale wa Ulaya wanaokaa na akiba kungoja baridi ipite. Njaa ikinusika, malkia hupunguza kutaga, majana yaliyopo husubiriwa yatoke, asali iliyobaki huliwa au hubebwa matumboni, kisha kundi zima hufuata maua kwingine. Nyuki kibarua huchukua kama siku 20 tangu yai hadi kutoka kwenye seli, kwa hiyo safari hiyo huandaliwa kwa wiki kadhaa. Ukikagua mwishoni mwa Juni ukakuta nyuki wengi lakini hakuna yai jipya hata moja, umeshapewa taarifa. Wape sababu ya kukaa. Mimi huacha masega matatu au manne yaliyojaa asali katika mzinga wa viunzi, yaani vile vijiti vya mbao vinavyobeba masega, nahakikisha una kivuli, na naweka maji karibu, yenye vijiti vya kutulia ili wasizame. Hata hivyo wapo watakaohama tu. Mzinga ulio kwenye msitu mkavu, mbali na mto, utahamwa hata ukiuachia ndoo nzima. Huo usiuhuzunikie, uusafishe uwangoje Septemba. Methali inatuambia tufuate nyuki tule asali, ila haikutaja kwamba Agosti nyuki wenyewe hawajulikani waliko.

Mambo ni tofauti kabisa kama asali ipo, majana yapo, nyuki hawapo. Nyuki hawaachi majana kwa hiari. Hao walikimbia, na unatakiwa kutafuta kilichowakimbiza: njia ya siafu kwenye shina, alama za kucha za nyegere kwenye gome, masizi ya moto wa nyika. Au ikumbuke siku yako mwenyewe ya kurina. Mwenge wa moto badala ya bomba la moshi huunguza mabawa, huua malkia, na walionusurika huondoka usiku uleule au kesho yake. Jua nalo hukimbiza. Oktoba, mzinga wa sanduku usio na kivuli huwaka kama bani la kukaushia tumbaku, na masega mapya hulainika yakadondoka na kila kitu kilichomo.

Ukikuta nyuki wachache wamebaki, na pembeni mwa masega zinaning'inia seli ndefu zenye umbo la ganda la karanga, mzinga huo haujahamwa. Kundi limegawanyika, malkia mzee ametoka na wenzake na kuacha seli za malkia wapya. Malkia hutoka siku ya 16 tangu yai kutagwa, kisha anahitaji muda wa kupandwa na kuanza kutaga. Uache mzinga huo mwezi mzima. Usiurine, usiufungue kila Jumapili kuona kama wamepona. Chanzo chake kiko nyuma: mzinga ulijaa mwezi wa pili au wa tatu, na hapakuwa na nafasi. Anayejua kazi huwa na mzinga mtupu, umepakwa nta, umbali mfupi kutoka hapo, na mara nyingine wanaogawanyika huishia humo humo kwake.

Masega yenye utando kama wa buibui, na vinyesi vidogo vyeusi vimetapakaa chini, ni kazi ya nondo wa nta. Karibu kila mtu humlaumu. Mimi simlaumu sana. Kundi lenye nguvu humtimua nondo mlangoni. Yeye huingia penye nyuki wachache au waliokwisha kuondoka. Kuuliza namna ya kumwua nondo ni sawa na kuuliza namna ya kumfukuza fisi kwenye mzoga wakati swali ni nani alimwua ng'ombe. Toa masega yote siku hiyohiyo, yeyusha nta, kwangua viota vyake kwenye mbao. Ukiyatupa chini ya mti, umefuga nondo wa kumpelekea jirani.

Kuna dalili nyingine inayofanana nayo kwa mbali: masega yanateleza, asali imekuwa majimaji yenye harufu ya machungwa yaliyooza, na funza weupe wembamba wanajipinda ndani. Hao ni watoto wa mende wadogo wa mzinga. Dawa ni ileile ya kundi lenye nguvu na mzinga usio na nyufa za kujifichia. Wakikomaa hushuka kujichimbia ardhini, kwa hiyo sega lililooza lisidondoshwe chini ya mzinga, liteketeze mbali.

## Mzinga umetundikwa mwaka mzima, hakuna aliyeingia

Uliutundika mwezi gani? Wengi hutundika Mei, baada ya kuona wenzao wanarina na roho kuingia tamaa. Mei makundi yametulia majumbani mwao. Yanayotafuta nyumba huzunguka msitu unapoanza kuchanua, kwa hiyo mzinga uwe juu ya mti kabla: Agosti hadi mapema Septemba, na tena Januari.

Kama mwezi ulikuwa sahihi, nusa ndani. Mbao mbichi, rangi, mafuta ya taa, dawa ya mchwa: vyote hufukuza. Mzinga mpya uache upigwe hewa wiki kadhaa, kisha uupake nta iliyoyeyushwa kwenye viunzi na mlangoni, na ukiwa na gundi ya nyuki kutoka mzinga wa zamani, isugue humo. Mzinga uliowahi kukaliwa huvutia kuliko mpya, ndiyo maana wazee hawatupi gogo kuukuu. Angalia pia wapangaji. Mijusi, nyigu, panya na buibui hawatoki kwa heshima ya nyuki.

Halafu hesabu. Nimeona mizinga 40 imepangwa kwenye manzuki (shamba la nyuki) moja ndogo, mingi imeletwa na mradi, imepakwa rangi nzuri, imepigwa picha, na imejaa buibui. Hesabu ya mizinga si hesabu ya makundi. Msongamano umezidi pia kwa sababu maeneo yamepungua: wazee waliozoea kutundika Ugalla kwa kibali, enzi ilipokuwa pori la akiba, walilazimika kutafuta pengine ilipopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Ukisikia wafuga nyuki wawili wanagombania mti, usicheke.

## Masega yamekatisha viunzi

Unainua kiunzi kimoja, vinainuka vinne, asali inamwagika, nyuki wanachafuka. Hili si kosa la nyuki hata chembe. Chukua rula. Kwa nyuki wetu upana wa kiunzi ni milimita 32. Fundi aliyekata kwa macho, au kwa kipimo cha milimita 35 alichokiona kwenye michoro ya mizinga ya Ulaya, amewapa nyuki nafasi isiyolingana na mwili wao, nao wanajenga kwa hesabu zao. Kikundi chetu kiliwahi kupokea mizinga ya namna hiyo, tukarudisha viunzi vyote kwa seremala mmoja mmoja. Hata kiunzi sahihi kinahitaji mstari mwembamba wa nta katikati wa kuwaelekeza, na mzinga uning'inie sawasawa bila kuinama upande.

## Asali inatoa povu, inaganda, inanuka

Povu juu ya ndoo, kifuniko kimevimba, ladha ya ukakasi: asali inachacha, na inachacha kwa sababu ina maji mengi. Kiwango cha juu kinachokubalika sokoni ni unyevu wa asilimia 20. Nyuki wenyewe wanajua. Asali ikiiva huifunika kwa nta. Ambayo bado ni mbochi, maji matamu ya maua, huiacha wazi. Sega ambalo halijafunikwa angalau robo tatu lirudishe.

Sasa uliza mwezi. Mavuno ya Novemba na Desemba huchacha kuliko ya Juni, kwa kuwa mvua zimeshaanza, hewa ina unyevu, na asali huvuta maji kutoka hewani kama chumvi ivutavyo. Usirine siku ya mvua. Usikamue usiku kucha ndoo zikiwa wazi. Ndoo iliyooshwa asubuhi na bado ina matone ndani imeshaharibu kazi. Kuichemsha asali iliyochacha ili kuificha hakusaidii; inaungua, inapoteza harufu yake, na maabara hugundua. Wapelekee wapika wanzuki, pombe ya asali, watakupa bei ya wanzuki, na maisha yaendelee.

Asali kuganda ni jambo jingine kabisa, na limetugombanisha na wateja wengi wa mjini. Mtu ananunua lita moja, baada ya miezi miwili ananipigia simu kwa ukali kwamba nimechanganya sukari. Asali halisi huganda. Mapema au baadaye hutegemea maua na baridi. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia, na iache iyeyuke yenyewe. Na yale majaribio ya kiberiti, ya sisimizi, ya tone kwenye glasi ya maji, yaacheni. Sharubati nzito ya sukari inaweza kufaulu mitihani hiyo, na asali nzuri yenye unyevu kidogo ikafeli.

Harufu ya moshi hutoka kwenye moshi uliozidi, au uliotokana na matambara na plastiki. Tumia maganda makavu, nyasi, au kinyesi kikavu cha ng'ombe, pulizia mlangoni, ngoja kidogo, pulizia juu juu unapofungua, basi. Na kwa wenzangu wanaolima tumbaku: msihifadhi ndoo za asali ndani ya bani. Asali hunasa harufu ya kila kilicho karibu nayo.

## Nyuki wamekuwa wakali, na jirani anataka fidia

Kundi lilelile lililokuwa pole Machi linaweza kukufukuza nusu kilomita Juni. Lina nini cha kulinda? Machi lilikuwa na maua mengi na chumba kitupu. Juni lina ghala. Rina jioni jua likipoa, vaa nguo za rangi nyeupe, usijipake manukato. Ukidungwa, kwangua mwiba haraka na upulizie moshi mahali pale, maana mwiba huacha hapo harufu inayoita wengine. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu, kwa hiyo aliyekula ndizi njiani asiwe wa kwanza kufungua mzinga.

Kesi kubwa kijijini, hata hivyo, haziji siku ya kurina. Zinakuja Septemba na Oktoba, wakati maji yamebaki kwenye lambo moja. Ng'ombe wanakwenda kunywa, nyuki wanakwenda kunywa, mbuzi aliyefungwa kamba anadungwa hadi kufa, na jioni mwenye mbuzi yuko kwa mwenyekiti wa kitongoji akiwa na watu sita. Wafugaji waliohamia na mifugo yao wanaonekana wageni, wafuga nyuki wanajiona wenyeji, na maneno yanapanda haraka. Sisi tulijifunza baada ya mbuzi watatu. Manzuki ikae angalau mita 300 kutoka njia ya mifugo, nyumba na shule. Tuliwachimbia nyuki birika lao upande wa pili wa msitu na kuanza kulijaza Julai, kabla hawajazoea lambo. Nyuki wakishazoea sehemu ya maji ni vigumu kuwahamisha. Na mbuzi wa kwanza tulimlipa bila kubishana. Ilikuwa nafuu kuliko kesi, na mwenye mbuzi huyo sasa ndiye anayetupigia simu akiona moshi msituni.

## Nyuki wamekufa mlangoni

Waokote uwaangalie. Kama wote ni wanene, wenye macho makubwa, hawana mwiba, hao ni madume. Njaa imeingia na vibarua wamewafukuza. Hakuna ugonjwa. Kama ni vibarua, wengi ghafla ndani ya siku moja au mbili, wengi wao ndimi zikiwa nje, shuku sumu ya shambani. Nenda ukaulize nani amepulizia pamba, tumbaku au mboga, na nenda kwa upole, kwani hakuna sumu aliyoipulizia kwa ajili yako. Wengi wakielezwa hukubali kupulizia jioni nyuki wakiwa wamelala, na kutuma ujumbe siku moja kabla. Anayejua mapema huweza kufunga milango ya mizinga iliyo karibu kwa asubuhi moja, akihakikisha hewa inapita.

## Nyegere, siafu, moto

Haya matatu yana majibu mafupi. Nyegere hupanda mti vizuri, ila hawezi kuurina mzinga unaoning'inia peke yake kwa waya mbali na shina. Ukiongeza kipande cha bati laini kuzunguka shina, atarudi alikotoka akikutukana. Siafu na sungusungu huzuiwa kwa grisi kwenye waya au kwenye miguu ya kichanja, mradi hakuna jani wala nyasi inayogusa mzinga na kuwa daraja lao. Kagua grisi hasa mvua zinapoanza, kwani huoshwa.

Moto unataka maandalizi ya Mei na Juni: fyeka na kusafisha njia ya moto kuizunguka manzuki wakati nyasi bado zina unyevu. Septemba umechelewa. Nasi tuwe wakweli, baadhi ya mioto hiyo imewashwa na warinaji walioacha mwenge chini ya mti. Nikiwa bado kwenye ukweli: mzinga wa gome huua mti uliovuliwa gome, na mara nyingi mti huo ni mtundu au muba, yaani unakata bomba la maji ili upate ndoo.

## Pipa la kikundi limekataliwa

Mnunuzi amepima, amesema unyevu umezidi, pipa zima limerudi. Wanachama 20 wanatazamana. Chanzo kinaweza kuwa ndoo mbili tu. Tangu litukute hilo, kila ndoo inapimwa kwa kipima unyevu mbele ya mwenyewe kabla ya kumiminwa, ina namba ya mwanachama, na ya juu ya asilimia 20 inakwenda pembeni hata kama ni ya mwenyekiti. Ilikuwa ya mwenyekiti, kusema kweli, mara ya kwanza tulipopima.

Tulipomwuliza kwa nini alirina mapema, jibu lake ndilo lililotufunza zaidi. Alikuwa ameibiwa mizinga minne mwaka uliotangulia, usiku, wiki moja kabla ya kurina. Mwaka uliofuata aliwahi. Jirani yake alipoona mwenyekiti amerina, naye akawahi. Wizi wa mtu mmoja ulikuwa umetuchachushia asali ya kitongoji kizima.

Kwa hiyo sasa siku ya kufungua kurina hutajwa mkutanoni, baada ya watu watatu kuzunguka na kuona masega yamefunikwa. Wiki mbili kabla ya siku hiyo kuna kambi msituni, zamu za watu wanne wanne, pamoja na akina mama wenye mizinga ya vichanja, ambao hawalazimiki kupanda mti na wamekuwa wakaguzi makini kuliko sisi. Mizinga yote imechomwa alama ya mwenyewe. Asali isiyo na alama ya mzinga wowote ikiletwa kituoni kabla ya siku hiyo, haipokelewi, na aliyeileta anaombwa atupeleke alikoirina.

Yule kijana wa mizinga 18 tumempanga zamu ya mwisho wa Mei. Ameambiwa aje na tochi, blanketi, na ndoo moja tu.